Mkazo na majina ya vitabu kwenye mazungumzo ya filamu: niliyojifunza mimi

Ndugu uliyeuliza kama jina la kitabu au wimbo lipigiwe mstari mhusika anapolitaja, na kama maneno ya mkazo nayo yapigiwe: nakujibu kwa yaliyonifika kwenye mswada wangu wa kwanza, filamu fupi ya mama na binti yake hapa Lamu, mtaa wa Langoni.

Majina ni mepesi. Mstari ulitokana na taipureta, maana haikuwa na italiki, yaani herufi za mlazo. Waandishi wa Kiingereza hupigia mstari jina la kitabu au filamu, au hulitia italiki. Wimbo na shairi hutiwa alama za mtajo. Mimi kwenye mazungumzo natia alama za mtajo kwa yote, ili mstari ubaki na kazi moja.

Ila mtazamaji hazioni alama hizo. Binti wa filamu yangu alisema, "Usiku nilikuwa na 'Mwana Kupona'." Tulipousoma mswada barazani, mwigizaji mmoja akauliza huyo Mwana Kupona anaigizwa na nani. Nikabadilisha: "Usiku nilikuwa nasoma utendi wa Mwana Kupona." Utendi huo wa 1858 ni wasia wa mama kwa bintiye, kwa hiyo sikutaka upotee masikioni mwa mtu.

Mkazo ndio ulionitesa. Nilikuwa nimepigia maneno mistari na kuandika mengine kwa herufi kubwa: "MIMI nilimwambia asiondoke." Mwigizaji wa mama akapiga kelele kwenye "mimi", maana herufi kubwa kwenye mazungumzo husomwa kama ukelele. Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza akaniambia, "Mwanangu, kwani lugha yako haina 'ndiye'?" Tukaandika, "Mimi ndiye niliyemwambia asiondoke," na mama wa watu akaisema kwa sauti ya chini kabisa, ikachoma.

Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nafikiri kwa Kiingereza. Mwingereza hukaza neno moja kwa sauti, na mwandishi humwonyesha mwigizaji neno lenyewe. Sisi "nilimwambia" ni neno moja lenye mimi, wakati uliopita, yeye na kuambia. Ukilipigia mstari, mwigizaji akaze kipi? Mkazo wetu uko kwenye ndiye, ndipo, "ni leo nilipojua", "leo hii", na kwenye kupanga maneno: "Ulikwenda wewe?" si sawa na "Wewe ulikwenda?" Nilifuta karibu mistari yote ya mkazo, na kila nilipofuta nililazimika kuiandika sentensi upya. Ilinichukua wiki mbili, na siku hizo ndizo zilizouokoa mswada.

Mstari mmoja niliubakisha. Mama anamwambia binti, "Umenijibu barabara." Kijana aliyekuwa akisoma sehemu ya mama siku hiyo aliisoma kama barabara ya magari. Nikapigia mstari silabi ya pili peke yake, akaisema sawasawa mara ya kwanza.