Mwaka ulioandikwa ukutani si lazima uwe mwaka wa jengo

Fomu yangu ya kwanza ilirudishwa ikiwa na mstari mwekundu chini ya tarakimu nne: 1938. Nilikuwa nimejiunga na kikundi kilichokuwa kikiorodhesha majengo ya kale ya katikati ya Dar es Salaam kwa ajili ya kumbukumbu za serikali, na jengo nililopangiwa lilikuwa Kisutu: ghorofa moja, maduka chini, wapangaji juu. Mwaka huo umechongwa kwenye lipu juu ya roshani, unasomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Nikaunakili, nikapiga picha, nikaenda zangu kunywa chai. Aliyekagua fomu aliuliza neno moja tu: umejuaje?

Nikarudi. Pale barazani kuna mzee fundi cherehani. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza shida yangu. "Mwanangu," akasema bila kuinua macho kwenye mshono, "hiyo ni ya juu. Chini palikuwepo siku nyingi." Nikatoa futi. Ukuta wa chini ulikuwa na unene wa sentimita 55, wa juu 23. Nyuma ya ngazi, lipu ilipobanduka, yakaonekana matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Juu ni tofali za saruji. Ule mwaka ulikuwa wa ghorofa, na mimi nilikuwa nimeupa jengo zima.

Tangu siku hiyo kila ninachokiandika kwenye fomu nakiwekea alama: nimeona, nimeambiwa, au nakisia. Ukiniuliza ushauri mmoja tu wa kazi hii, ni huo. Fomu ya serikali hukaa kabatini miaka mingi, na atakayeifungua hatakuwa na namba yako ya simu. Kisio lililoandikwa kama kisio halimpotezi mtu. Likiandikwa kama ukweli, litanakiliwa mpaka liingie kwenye vibao vya watalii.

Kwa Dar jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya sheria yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda kwa umri wake majengo ya kabla ya 1863. Sasa piga hesabu. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyohiyo ya 1860. Boma la Kale pale Sokoine Drive ni la miaka michache baada ya mstari huo. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902. Karibu mji wote umekosa ulinzi huo kwa umri, na jengo la baadaye hulindwa pale linapotangazwa rasmi kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo ile sehemu ya fomu inayouliza umuhimu wa jengo ndiyo wakili wake. Wengi wetu huandika "jengo zuri la kihistoria" na kuhamia ukurasa wa pili. Hilo halimshawishi mtu yeyote mwenye ramani ya ghorofa kumi mkononi. Andika kilichotokea humo, nani alilitumia, ni ufundi gani hauonekani tena mtaani.

Na usiishie Uzunguni na Uhindini. Nakiri kwamba mwanzoni nami nilikuwa nikivutwa na matao na nguzo. Lakini nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na uani kwa nyuma, ndiyo inayotoweka haraka zaidi, tena ina baraza linaloeleza maisha ya mji kuliko roshani yoyote. Nyumba ya Mwalimu Nyerere pale Magomeni ni ya kawaida kabisa kwa umbo. Imehifadhiwa kwa sababu ya aliyeishi humo.

Suala la mmiliki usilijaze kwa kusoma jina lililo juu ya mlango. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Jina la familia limebaki ukutani, hati iko kwingine. Andika yote mawili, kila moja na alama yake.

Kabla hujapima chochote, pitia serikali ya mtaa na barua ya utambulisho. Kivukoni usitoe kamera bila kibali. Majengo mengi ya Wajerumani pale ni ya serikali. Na tafadhali usiandike kitu ukutani. Mwenzangu alipiga namba ndogo kwa chaki kwenye nguzo ili asichanganye picha. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba tumekuja kubomoa. Watu wa Dar wanaifahamu sana ile alama ya X nyekundu. Tulikaa saa mbili tukiomba radhi.

Hali ya jengo iandike kama fundi. "Limechakaa" halina maana. "Ufa wa wima, milimita 4, kuanzia kona ya dirisha la pili" una maana, kwa sababu mwakani mtu anaweza kuupima tena. Angalia pia palipopigwa lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe: unyevu hukosa pa kutokea, chumvi inasukuma, lipu inavimba. Vichwa vya boriti zinapoingia ukutani navyo vichunguze kwanza, maana mvua na mchwa huanzia huko. Picha za kuta za nje zinazotazama bandari zipige asubuhi.

Fomu yangu ya Kisutu niliirudisha ikisema: chini, kabla ya 1938 (nimeambiwa, unene wa ukuta unaafiki, nimeona), juu, 1938 (maandishi ya ukutani). Chumba cha nyuma cha juu sikuingia, mpangaji alikuwa amesafiri kwenda Tanga. Nimeandika: hakijaonwa.