Ukiwa na alasiri moja makumbusho, chagua chumba kimoja

Ndege yangu ilikuwa ya usiku, nikabaki na alasiri nzima Singapore bila kazi. Nikaingia Asian Civilisations Museum, pale ukingoni mwa Mto Singapore, jengo la zama za ukoloni lililowahi kuwa ofisi za serikali. Kosa langu: nilitaka kumaliza kila kitu. Nilianzia juu kabisa kwenye mavazi na vito, nikashukia kwenye sanamu za Kibuda na za Kihindu, na ilipofika saa kumi macho yanatazama tu, hayaoni. Ukiniuliza leo Buddha yupi alitoka Thailand na yupi Myanmar, nitakudanganya.

Wewe baki chini. Huko kuna mzigo wa meli iliyozama karne ya 9 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ikaja kugunduliwa mwaka 1998 na wazamiaji wa majongoo bahari. Ilibeba vyombo takriban 60,000, vingi vikiwa mabakuli kutoka Changsha, China. Bakuli moja limeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826.

Ukiyatazama kwa mbali utadhani ni duka la vyombo. Sogea, inama, chagua moja. Nililochagua mimi lilikuwa na rangi ya asali, mdomoni madoa manne ya kahawia, na katikati ndege aliyechorwa kwa mikupuo michache ya brashi, bawa moja limezidi jingine. Huyo fundi alikuwa na haraka. Pengine alikuwa na mamia mengine yanamngoja. La jirani lina ndege huyohuyo, lakini siye. Halafu tazama mitungi: mabakuli yalipangwa ndani yake kwa kuzungushwa, yamebanana kama sahani kwenye ndoo ya mama lishe.

Kilichonishika zaidi ni meli yenyewe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, bila misumari. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hilo, maana mitepe, mashua zetu za zamani, ilishonwa vivyo hivyo. Oman waliunda nyingine ya mtindo huo, Jewel of Muscat, ikasafiri kwa tanga kutoka Muscat hadi Singapore mwaka 2010. Na vigae vya vyombo vya Changsha vimechimbuliwa hata Shanga na Manda, huko Lamu. Kwa hiyo kama unaweza, kabla ya safari pita Fort Jesus au makumbusho ya Lamu uone vigae vya Kichina vilivyookotwa kwetu, ndipo ukaone vyombo vizima vizima.

Kula kwanza. Beba sweta, kiyoyozi cha mle hakina huruma (mimi nilijifunika mtandio kama mgonjwa). Vaa viatu ulivyokwisha vizoea.

Mimi chumba hicho nilikifikia nikiwa nimebakiwa na dakika arobaini. Nilitoka mbio kukimbilia teksi, na picha ya ndege wangu niliyoipiga inaonyesha zaidi taa na uso wangu kwenye kioo.