Usirudishe redio dukani, anza na antena: kufunga CB kwenye lori la Marekani

Kaka, nimekusoma vizuri. Unaendesha lori la kampuni, Cascadia, umenunua redio mpya ya CB (ile ya madereva kuongea wao kwa wao barabarani), Cobra 29, umefunga antena moja ya futi nne kwenye mkono wa kioo cha pembeni upande wa dereva. Wenzako wa karibu unawasikia, lakini ukiita chaneli 19, ile ya madereva wa malori, hakuna anayekuitikia, na kuna mtu amekushauri urudishe hiyo redio uchukue "yenye nguvu". Usimsikilize. Sheria ya hapa inaruhusu wati 4 tu kwenye AM, kwa hiyo redio ya bei ndogo na ya bei kubwa, zikiwa halali, zinatoka na nguvu ileile. Tofauti ya anayesikika maili tano na asiyesikika hata na lori la mbele yake iko nje ya kebini: kwenye antena, kwenye kishikio chake na kwenye kebo. Linea za kuongeza nguvu usiziguse. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, imezipiga marufuku kwenye CB, na ukiifunga juu ya antena mbovu unachoma vifaa viwili badala ya kimoja.

Ngoja nieleze kwa nini, kwa sababu ukishaelewa hili hutamlipa mtu kukufungia tena.

CB inafanya kazi karibu na megahezi 27. Wimbi lake lina urefu wa mita 11, na antena inayolitosha sawasawa ni robo yake, yaani karibu futi tisa. Fimbo ya futi tisa huwezi kuisimamisha kwenye kioo cha lori, maana majimbo mengi yanakomesha kimo cha gari kwenye futi 13 na inchi 6, na tela lako peke yake limeshafika hapo. Ndiyo maana antena zetu zina waya uliozungushwa ndani ya fimbo au kwenye koili, ili fimbo fupi ijifanye ndefu. Lakini fimbo hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili ya antena ni chuma cha lori lenyewe. Mtu anayetaka kuruka lazima apate ardhi ngumu ya kukanyagia, na mawimbi nayo yanahitaji bodi ya chuma ya kujisukumia. Isipokuwepo, yanarudi kwenye kebo mpaka redioni.

Sasa litazame lori lako. Boneti ni faiba, ganda la kioo ni plastiki, kebini ni alumini. Mkono wa kioo umepakwa rangi nzito na umeshikwa kwenye mlango, na mlango umeshikwa na bawaba zenye grisi. Ukifunga kishikio pale na kudhani kimegusa bodi, mara nyingi hakijagusa kitu. Kinaelea. Kwa macho kimekaza kabisa, hata ukikivuta kwa mikono miwili hakitikisiki, lakini kwa umeme hakijaunganishwa na chochote. Na kwa kuwa kebini ni alumini, zile antena za sumaku za kubandika juu ya paa nazo hazishiki.

Kwa hiyo chukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, iweke kwenye omu, waya mmoja kwenye kishikio cha antena na mwingine kwenye chuma kitupu cha chesisi au kwenye hasi ya betri. Unataka namba iliyokaribia sifuri. Ikipanda au ikirukaruka unapofungua na kufunga mlango, umeshampata mwizi wako. Kwangua rangi kwa msasa mahali kishikio kinapokaa, upande wa ndani usioonekana, mpaka chuma king'ae. Kisha funga utepe wa shaba uliosukwa kutoka kwenye kishikio hadi kwenye bolti ya kebini yenye chuma kitupu, na mwingine mfupi kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo ya kebini. Ufanye mfupi kadiri unavyoweza. Wengi wanavuta waya mrefu mpaka chini kwenye chesisi, multimita inaonyesha sifuri, wanafurahi, na redio bado haitoki. Multimita inapima umeme wa betri. Kwa mawimbi ya megahezi 27, waya wa futi tisa ni antena nyingine kamili, si ethi, yaani si muunganisho na bodi ya lori. Ukimaliza paka grisi au rangi juu ya maungio, maana chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi itakula alumini iliyogusana na shaba kabla msimu haujaisha.

Lori lako ni la kampuni, kwa hiyo uliza watu wa matengenezo kabla ya kukwangua au kutoboa. Na kabla ya hapo angalia juu ya kichwa chako: malori mengi ya hapa yanatoka kiwandani na sehemu ya redio kwenye kabati la juu, misumari miwili ya umeme, nyekundu na nyeusi, pamoja na kebo ya antena iliyokwisha kupitishwa hadi kwenye vioo. Ikiwa ipo, umeokoa nusu ya kazi, ingawa kebo hizo nazo huchoka na inabidi zipimwe kama nyingine.

Tuje kwenye bolti ya antena, kwa sababu hapa ndipo nimewakuta watu wengi wamekwama. Ile pakiti ndogo uliyonunua ina bolti, washa ya chuma yenye meno, na washa nyeupe ya nailoni yenye bega. Mwili wa bolti, ule unaopokea kebo, unakaa chini ya kishikio na lazima uguse chuma, na washa yenye meno inakaa katikati yao ili ing'ate. Washa ya nailoni inakaa juu, na lile bega lake linazama ndani ya tundu la kishikio. Kazi yake ni kuzuia msumari wa katikati usiguse kingo za tundu. Halafu nati ndefu inakuja juu ya nailoni, na antena inasimama kwenye nati. Mtu akiweka nailoni chini na washa ya chuma juu, amepiga shoti antena yake yote. Akikaza kupita kiasi, bega linapasuka, na siku ya mvua antena inakufa, jua likiwaka inafufuka. Washa hiyo ni ya senti chache. Ninabeba za akiba kwenye kisanduku cha fyuzi.

Kabla ya kusimamisha antena pima tena. Kebo ikiwa imefungwa kwenye bolti lakini imechomolewa redioni, pima kati ya pini ya katikati ya plagi na msumari wa juu wa bolti: iwe sifuri. Pini ya katikati na gamba la nje la plagi: pasiwe na mawasiliano kabisa. Yakiwepo, kuna uzi mmoja wa wavu wa kebo umegusa katikati ndani ya plagi, au nailoni imekaa vibaya. Ukishasimamisha antena usipime hivi tena na kushtuka, kwa sababu baadhi ya antena zimeunganishwa kwa ndani na zitaonyesha shoti ambayo si ugonjwa.

Kebo ya antena moja iwe ya omu 50, RG-58 au RG-8X. Usiipitishe mahali mlango unapoiminya. Kebo iliyobanwa kwa nje inaonekana nzima, ndani utando umebonyea na waya wa katikati umesogea. Ipitishe kwenye mpira wa bawaba au tundu la kiwandani, uiachie mkunjo kidogo unaoning'inia kabla haijaingia ndani ili maji yadondokee nje. Ikizidi urefu, usiizungushe kama kamba ya ndoo, ilaze kwa mikunjo mirefu nyuma ya kabati.

Umeme ni jambo fupi. Ninyi mliozoea Scania na Howo za njia ya Tunduma au Malaba mnajua volti 24. Malori ya huku ni volti 12, na CB nyingi zinazouzwa huku ni za volti 12. Ukinunua moja kumpelekea ndugu nyumbani, mwambie asiiunganishe moja kwa moja kwenye lori la volti 24, ataichoma siku hiyohiyo, anahitaji kifaa cha kushusha volti. Huku weka fyuzi kwenye waya mwekundu na usichukue umeme kutoka tundu la kuchajia simu. Chaja za bei nafuu na kamera za dashibodi zinaleta mlio kwenye redio. Ukisikia kelele, chomoa kimoja kimoja mpaka umjue mwenye kosa.

Sasa SWR, na hapa usiruke. SWR inaonyesha kiasi gani cha nguvu unayotuma kinagonga antena na kurudi. Kwenye 1.5 inarudi karibu asilimia 4, kwenye 2 asilimia 11, kwenye 3 ni robo nzima, na nguvu hiyo inayorudi ndiyo inayopika transista ya mwisho ya redio. Lenga chini ya 1.5. Chini ya 2 unaweza kuishi nayo. Ikifika 3 usiongee mpaka utengeneze. Na usibonyeze maikrofoni kamwe bila antena kuunganishwa.

Cobra 29 yako ina mita yake ndani, itakupa picha, ingawa mimi naiamini zaidi mita ndogo ya nje inayounganishwa katikati ya redio na kebo. Zinauzwa kwenye vituo vya malori, na si ghali. Nenda uwanja wazi, mbali na majengo na malori mengine, milango ifungwe, mtu asiegemee kioo. Nenda chaneli 1, sikiliza kwanza kama pana watu, bonyeza bila kuongea, rekebisha sindano kama mita inavyotaka, soma, achia. Fanya vivyo hivyo kwenye 19 na 40. Chaneli 9 iache, ni ya dharura.

Namba zitakwambia la kufanya. Chaneli 1 ikiwa juu kuliko 40, antena ni fupi, irefushe. 40 ikiwa juu kuliko 1, ni ndefu, ifupishe. Antena za faiba kama Firestik zina skrubu kwenye ncha chini ya kofia, unazungusha kidogo tu na kupima upya. Zenye fimbo ya chuma unalegeza skrubu ndogo na kusogeza. Kukata ni njia ya mwisho, milimita chache kwa mara, maana kilichokatwa hakirudi. Kama umeweka springi chini, ifunge kabla ya kupima, kwa kuwa nayo ni sehemu ya urefu. Na kama chaneli zote tatu ziko juu ya 3, achana na kurefusha na kufupisha. Hiyo ni shoti au ethi, rudi kwenye multimita. Dalili nyingine ya ethi mbovu ni namba kubadilika ukigusa kebo kwa mkono.

Umeuliza pia kuhusu antena pacha, moja kila kioo. Zinapendeza, na zikifungwa sawa zinasukuma sauti zaidi mbele na nyuma, ambako ndiko barabara iliko. Lakini zinataka kebo yake maalumu, aghalabu RG-59 ya omu 75, nafasi kubwa kati ya vioo, ethi nzuri pande zote mbili, na unazirekebisha zote kwa kipimo sawa. Ukiwa na ethi mbovu upande mmoja, umejiongezea ugonjwa. Mimi ningebaki na moja iliyofungwa vizuri. Umeiweka upande wa dereva na hapo iache, kwa sababu matawi ya miti yanalima upande wa kulia. Hakikisha tu koili, au sehemu ya juu ya faiba ambako waya umesongamana, imepita paa la kebini. Ikijificha nyuma ya ukuta wa chuma inasikia upande mmoja tu.

Jambo lingine lisikusumbue: kuna siku utasikia watu wa mbali kabisa wakiongea Kihispania au Kiingereza cha kusini kwa nguvu kuliko lori lililo nyuma yako. Ni mawimbi yanayorudishwa na tabaka la juu la anga jua linapochangamka. Antena yako haina kosa, punguza RF, kitufe cha usikivu wa redio, na ongeza skwelchi, kinachonyamazisha kelele.

Najua wapo wanaosema CB imekufa kwa sababu ya simu. Waambie wapite I-80 kule Wyoming, kati ya Laramie na Rawlins, upepo unapoinua theluji na huoni taa za aliye mbele. Hapo nimesikia kwenye 19 sauti ya dereva nisiyemjua akisema malori yamelala njia zote mbili baada ya kilima, na kila mmoja wetu akapunguza mwendo kabla ya kuona chochote. Hakuna programu ya simu iliyokuwa imelijua hilo bado. Simu ya mkononi FMCSA, mamlaka ya usalama wa malori ya Marekani, imetukataza kuishika tukiendesha tangu 2012, CB haimo kwenye katazo hilo. Na machimbo ya kokoto, maghala ya nafaka na barabara za magogo bado zina kibao getini kinachokutajia chaneli ya kuitia kabla hujaingia. Ndiyo maana nataka yako itoke.

Anza na multimita kwenye kishikio, kesho kabla ya kupakia. Kisha niwekee hapa omu ulizopata, SWR ya chaneli 1, 19 na 40, na picha ya ile washa ya nailoni ilivyokaa. Nikiziona nitakwambia uzungushe skrubu kwenda wapi.