Vifaa vya kubeba kwenye Triumph Bonneville ya 1966

Ndugu yangu, umeuliza ni vifaa gani vya matengenezo ya njiani vya kubeba kwenye pikipiki ya Triumph Bonneville T120 ya 1966 bila kuijaza mzigo. La kwanza ni spana: pikipiki za Uingereza za miaka hiyo zilitumia nati za vipimo vya Whitworth (mfumo wa zamani wa Uingereza, usiotumia milimita), na spana ya milimita, hata ikionekana kukaa, huteleza na kumaliza kona za nati, kwa hiyo beba zile tu ulizozijaribu mwenyewe kwenye pikipiki yako ukiwa nyumbani. Usikose pia spana ya plagi, plagi mpya, bisibisi, koleo, loki ya cheni na waya wa klachi wa akiba, ambao mimi huupitisha kabisa kando ya ule unaotumika, ili ukikatika nibadilishe ncha tu. Platini, yaani vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, ndizo zinazosumbua zaidi njiani. Beba msasa laini na fila (kibati chembamba cha kupimia) ya kupima nafasi kati ya platini, ambayo ni inchi 0.015, yaani takriban milimita 0.38. Vyote vizungushie kitambaa cha turubai, ukivibana visigongane, kisha uvifunge chini ya kiti. Tafadhali usivibebe mgongoni, kwa kuwa ukianguka, vyuma hivyo vinaweza kukuumiza uti wa mgongo.