Je, kipimo cha haiba kinaweza kunionyesha mwanaume wa kunifaa?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni kijana wa kiume, nafanya biashara ya viazi hapa Uyole, Mbeya, na ninavutiwa na wanaume wenzangu. Nimejaza kwenye simu kile kipimo cha haiba cha herufi nne mara kadhaa. Safari hii kinaniita mkimya, safari nyingine mchangamfu. Ninaowapenda ni wasemaji wasiojificha. Je, haiba yangu halisi ni ipi, na nitafute mtu wa kundi gani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kipimo hicho kina asili yake katika kazi ya Wamarekani Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, waliojenga juu ya nadharia ya aina za haiba aliyoichapisha Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, mwaka 1921, na kinawagawa watu katika makundi 16, kila kundi likiitwa kwa herufi nne. Kasoro yake ni kuweka mpaka mahali pasipo na mpaka: watu wengi wako katikati ya ukimya na uchangamfu, kwa hiyo majibu mawili matatu yakibadilika, mtu anahamishwa kundi.

Katika hali yako kuna jambo zito zaidi. Ukiulizwa kama unafurahia kuzungumza kwenye hadhara, nawe ukaikumbuka harusi ya ukoo ambako shangazi zako wanakuuliza utaoa lini huku umeinamia sahani, utajibu hapana. Ukikumbuka chumba cha rafiki unayemwamini, unakosimulia bei ya gunia na vituko vya madereva wa fuso hadi usiku wa manane, utajibu ndiyo. Majibu yote mawili ni ya kweli. Mtu aliyezoea tangu utotoni kupima kila neno, sauti na mwendo wake ili asigundulike, hufika mahali akaiona tahadhari hiyo kuwa ndiyo tabia yake, nami nakusihi usiione hivyo. Ukimya wa kujilinda huchosha, ilhali ukimya wa anayependa utulivu humpumzisha.

Kuhusu wasemaji, huenda unachokitamani kwao ni uhuru ambao wewe hujaupata. Jiulize kama unataka kuwa naye au unataka kuwa kama yeye, kwa sababu matamanio hayo mawili huchanganyika kwa urahisi pale mnapokuwa wa jinsia moja. Makundi ya haiba hayatabiri sana nani atapatana na nani. Kufanana katika mitazamo na maadili ndiko ambako watafiti wamekuta mara nyingi kukiwavuta watu pamoja.

Na kwa kuwa kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la ngono kati ya wanaume nchini kwetu, mtu asiyejificha anaweza kukuponza bila kukusudia. Ndiyo maana mimi hutanguliza utunzaji wa siri kuliko uchangamfu wowote. Msikilize anapokusimulia habari za wanaume wengine aliowahi kuwa nao, uone kama anawataja kwa majina.