Je, Fst ndogo inatosha kusema chewa wa mazalia mawili ni kundi moja?

Swali: Tunashughulikia aina ya chewa iliyo hatarini kutoweka. Tulichukua sampuli kutoka maeneo mawili ya mazalia yaliyo umbali wa kilomita 180, samaki 40 kila upande, wengi wao tukiwanunua madikoni. Tulipima alama 12 za mikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia), tukapata Fst, yaani kipimo cha tofauti ya jenetiki kati ya makundi ambapo 0 ni kutotofautiana kabisa, ya 0.003 yenye p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) ya 0.08. Mshauri wetu anasema hilo ni kundi moja, hivyo tukifunga uvuvi katika eneo moja, la pili litajazwa na mabuu yanayoletwa na mkondo. Je, yuko sahihi?

Jibu: Data zenu haziwezi kubeba hitimisho hilo. Kwa alama 12 na samaki 40 kila upande, p ya 0.08 inaeleza tu kwamba kipimo mlichotumia hakikuweza kuiona tofauti. Haithibitishi kwamba tofauti haipo. Hata hivyo, tuseme mna uhakika kamili kwamba Fst ni 0.003. Bado hoja ya mshauri wenu haitasimama, na hapo ndipo penye jambo la kuangaliwa kwa makini.

Katika modeli rahisi ya visiwa, inayoyachukulia makundi kama visiwa vinavyobadilishana wahamiaji, Fst hukaribia 1/(4Nm + 1), ambapo N ni ukubwa fanisi wa kundi, yaani idadi ya wazazi kwa hesabu ya jenetiki, na m ni sehemu ya wazazi wa kila kizazi waliotoka upande wa pili. Ukiigeuza kanuni hiyo, 0.003 inakupa Nm ya takriban 83, yaani wahamiaji 83 kwa kizazi. Ikiwa kila eneo lina ukubwa fanisi wa 50,000, wahamiaji hao hawafiki 2 katika kila 1,000: wanatosha kabisa kuzifanya jeni za pande mbili zifanane, lakini hawawezi kulijaza tena eneo lililovuliwa hadi likabaki tupu. Ikiwa ukubwa fanisi ni 500, wahamiaji haohao ni karibu asilimia 17, na hapo maeneo mawili yanategemeana kweli. Fst ni ileile, ilhali uamuzi wa uhifadhi unageuka kinyume. Zaidi ya hayo, modeli yenyewe huchukulia kwamba hali imetulia kwa vizazi vingi, jambo ambalo ni nadra baharini. Makundi makubwa yaliyotengana karibuni huendelea kuwa na Fst ndogo hata kama hakuna samaki hata mmoja anayevuka.

Kwa hiyo ukubwa fanisi ndio mnaopaswa kuutafuta, na kwa chewa una mtego wake. Aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike, kisha baadhi ya samaki wakubwa hugeuka kuwa madume, na wakubwa hao ndio wanaotangulia kuvuliwa. Katika kundi la wazazi 200 lenye madume 10 na majike 190, ukubwa fanisi, ambao ni mara nne ya zao la idadi hizo mbili likigawanywa kwa jumla yao, ni 38 tu. Mpiga mbizi atawahesabu samaki 200 na kurudi akiwa ameridhika.

Alama zenyewe pia zina mipaka. Kwa Gadus morhua (kodi wa Atlantiki, ambaye si chewa wenu) wa Norwei, tofauti kubwa kati ya samaki wa pwani na wale wanaohama kutoka Bahari ya Barents imejikusanya katika sehemu chache za jenomu (DNA yote ya samaki), hasa kipande cha kromosomu ya kwanza kilichogeuzwa mpangilio, huku sehemu kubwa ya jenomu ikionyesha tofauti ndogo sana. Aliyepima mikrosatelaiti chache nje ya vipande hivyo angeweza kusema, kama mshauri wenu, kwamba wote ni kundi moja.

Ushauri wangu ni kwamba mlinde maeneo yote mawili kwa sasa, kisha mrudie upimaji kwa maelfu ya SNP (tofauti za herufi mojamoja katika DNA) na angalau samaki 100 kila upande, katika misimu miwili tofauti ya kuzaana. Msinunue tena sampuli madikoni. Samaki wa diko hana anwani. Mnachohitaji ni samaki waliokomaa, waliopatikana mahali pa kuzaana wakati wa kuzaana. Mkipata sampuli nyingi zaidi, tafuteni wazazi na watoto wao miongoni mwake. Kwa jodari wa kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima takriban samaki 14,000, ukapata jozi 45 za mzazi na mtoto, na kutokana na jozi hizo idadi ya wazazi walioko baharini ikakadiriwa bila kutegemea takwimu za mavuno peke yake. Jozi ya mzazi wa eneo moja na mtoto wa eneo la pili ni ushahidi wa uhamaji wa kizazi hikihiki, ushahidi ambao Fst haiwezi kuwapa.

Hamna haja ya kuwaua samaki kwa kazi hiyo. Kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo kinatosha, kikiwekwa kwenye ethanoli ya asilimia 95 na samaki akarudishwa majini. Andikeni lebo kwa penseli na kuiweka ndani ya kichupa, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli, na kichupa kisichosomeka hakitawaambia pezi hilo lilitoka mazalia yapi.