Ultrasaundi wakati wa CPR: usiibe muda wa kukandamiza kifua

Daktari mwenzangu, umeuliza kama upime moyo kwa ultrasaundi mgonjwa akiwa kwenye CPR, yaani akikandamizwa kifua na kusaidiwa kupumua baada ya moyo kusimama. Pima, lakini kifua kisisubiri picha. Weka kifaa chini ya ncha ya mfupa wa kifua wakati mwenzako bado anakandamiza. Mkisimama kuangalia mapigo, rekodi video fupi huku mtu akihesabu sekunde kwa sauti; ikifika 10, kandamizeni tena, picha mtaitazama baadaye. Tafuta kwanza maji au damu kwenye mfuko wa moyo, maana hiyo hutibika hapo hapo. Chumba cha moyo cha upande wa kulia kikionekana kimetanuka, tafadhali usikimbilie kusema ni bonge la damu mapafuni: moyo uliosimama hutanuka upande huo hata bila bonge. Kifaa asishike kiongozi wa timu.